Jamani, chakula cha msaada kinanunuliwa!

Hii maneno ya "si ni chakula cha bure, kwani kinachelewa wapi, lazima kuna mtu amekula" nimechoka kuijibu kwa grupu la ukoo, acha niandike mara moja. Mimi ni mtu wa logistiki ya misaada, ofisi Nairobi, mizigo Mombasa. Wizi upo, sikatai. Lakini mara nyingi hakuna aliyekula, ni meli tu haijafika.

Ngano ya msaada haikai kwa stoo ya mzungu ikingoja Turkana ikauke. Nyingi inanunuliwa soko lile lile la mwenye kinu wa Industrial Area, kwa dola, na bei ya huruma haipo. 2022 Urusi ilipovamia Ukraine bandari za huko zikafungwa, WFP, shirika la chakula la UN, walikuwa wanategemea sana ngano ya huko, na ni mpaka Agosti ndio meli ya Brave Commander ikatoka na tani 23,000 za Ethiopia kupitia Djibouti. Bei imepanda, pesa ya mfadhili ni ile ile, unafanyaje? Unapunguza mgao.

Sasa inayoniudhi kabisa ni "Mombasa si iko hapo tu". Bosi, mzigo wa kutoka Bahari Nyeusi, huko Ukraine, unapita Suez na Bahari ya Shamu, na tangu mwisho wa 2023 Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, walipoanza kupiga meli, kampuni nyingi ziliamua kuzunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema, mafuta zaidi, siku zaidi, na kontena ikikwama safarini muda huo wote hata anayeagiza kutoka kwingine kabisa anaikosa ama anailipia zaidi. Halafu bima ya meli na mzigo! Hata wenzangu ofisini huisahau. Mwenye bima akipandisha, hakuna mfadhili wa kumpigia simu amwonee mtoto huruma.

"Basi tumeni pesa." Tunatuma! Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mpango wa Bamba Chakula ulianza 2015, pesa ya chakula kwa simu, unanunua dukani. Safi, ila mafuta ya kupikia ya hilo duka nayo yalipanda meli.

Na kununua mahindi hapa hapa? Mkulima anafaidika, kweli. Lakini mwaka wa ukame nikinunua kwa wingi Kitale, si nampandishia bei mama wa Mathare ambaye hayuko kwa orodha ya mtu yeyote? Hilo sina jibu, na kwa mikutano ya UN kule Gigiri nikiuliza tunaambiwa ni saa ya chai.