Umkhonto we Sizwe (MK) ni nini, na ilikuwaje ANC ikashika silaha

Umkhonto we Sizwe, au MK kama wengi wanavyoifupisha, maana yake Mkuki wa Taifa, lilikuwa jeshi la chini kwa chini la chama cha ANC cha Afrika Kusini, likaundwa kwa kushirikiana na wakomunisti wa kulekule, na likapambana na serikali ya makaburu kuanzia 1961 mpaka 1990. Hiyo ndo maana ya harakaharaka. Ila ukiishia hapo bado hujaelewa, maana swali lenyewe ni kwamba chama kilichoanzishwa 1912, kikakaa karibu miaka 50 kinaandika barua, kinatuma wajumbe, kinagoma na kuandamana kwa amani, kilifikaje kwenye kutega mabomu?

Jibu liko Sharpeville, mtaa wa watu weusi kusini mwa Johannesburg. Tarehe 21 Machi 1960 watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi kupinga pasi, yaani kile kitambulisho ambacho mtu mweusi alilazimishwa kutembea nacho muda wote na akikutwa hana anawekwa ndani. Maandamano hayo waliyaitisha PAC, chama kilichomeguka kutoka ANC, sio ANC yenyewe. Polisi wakamimina risasi wakaua watu 69, wengi wao walipigwa mgongoni wakiwa wanakimbia. Haukuisha mwezi ANC na PAC vyote vikapigwa marufuku. Sasa mtu umemfungia chama, umemkataza mkutano, akiandamana unampiga risasi, hiyo barua ya amani aendelee kumwandikia nani?

Basi tarehe 16 Desemba 1961 milipuko ikasikika Johannesburg, Durban na Port Elizabeth, walengwa wakiwa ofisi za serikali na mitambo ya umeme, na amri ilikuwa watu wasiuawe. Tarehe hiyo haikuokotwa tu, ndo siku makaburu walikuwa wanasherehekea kuwashinda Wazulu wa Dingane mwaka 1838. Waanzilishi wakubwa walikuwa Nelson Mandela, Walter Sisulu na Joe Slovo. Mapema 1962 Mandela akatoroka nchi, akapitia Tanganyika akaonana na Nyerere, akajifunza mambo ya kijeshi Morocco na Ethiopia, aliporudi tu akakamatwa mwezi Agosti. Julai 1963 polisi wakavamia maficho yao, shamba la Liliesleaf kule Rivonia karibu na Johannesburg, wakawazoa viongozi karibu wote, na Juni 1964 watu 8 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Ndani ya nchi MK ikawa kama imekwisha.

Kuanzia hapo hadithi inahamia kwetu. Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao Dar es Salaam, na 1964 Tanzania ikafungua kambi Kongwa, Dodoma, ambako MK walikaa jirani na wapiganaji wa FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola na ZAPU ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo). Kongwa panasimuliwa kishujaa, lakini kwa wale vijana palikuwa ni mazoezi, vumbi na kusubiri mwaka baada ya mwaka, maana kwao kulikuwa mbali mno na katikati yote ilikuwa bado mikononi mwa wazungu, Rhodesia huku na Msumbiji ya Mreno kule. Wengine wakazaa na wenyeji hapohapo. Agosti 1967 kundi moja likavuka mto Zambezi pamoja na ZAPU, Chris Hani, kamanda kijana wa MK, akiwemo, wakapigana kwenye mapori ya Wankie huko Rhodesia, ila nyumbani hawakufika, wengine wakafa na wengine wakafungwa Botswana. Hani alipotoka aliandika waraka mkali dhidi ya viongozi wake, kelele zile zikachangia kuitishwa mkutano wa Morogoro wa 1969, ambao uliamua kwamba siasa ndo iongoze bunduki, na pia ukafungua uanachama wa ANC kwa watu wa rangi zote.

Mambo yalichangamka tena baada ya maandamano ya wanafunzi ya Soweto, Juni 1976, yaliyozimwa kwa risasi, maelfu ya vijana walipokimbia nchi. Mmoja wao ni Solomon Mahlangu. Alirudi na wenzake wawili 1977, wakashtukiwa Johannesburg, ikatokea purukushani raia wawili wazungu wakauawa kwa risasi. Mahlangu hakufyatua hata moja, mahakama ilikubali hivyo, lakini ikasema walikuwa na lengo moja, akanyongwa 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Shule ya ANC pale Mazimbu, Morogoro, ikapewa jina lake, na mpaka leo kampasi ile ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, inaitwa Solomon Mahlangu.

Kuna watu wanaibeza MK eti haikushinda pambano lolote kubwa. Kwangu mimi hicho ni kipimo kibovu. Kulipua matangi ya SASOL, kampuni ya mafuta ya Afrika Kusini, Juni 1980 hakukuangusha serikali, lakini kulimwonyesha kila mtu kwamba kaburu anafikika, na hilo liliwapa nguvu wagomaji na waandamanaji mitaani. Ila haki isemwe pia, bomu la Church Street, Pretoria, Mei 1983 liliua watu 19 wakiwemo raia, na kwenye kambi ya Quatro, gereza lake kule Angola, MK ilitesa watu wake yenyewe, mambo ambayo Tume ya Ukweli na Maridhiano ilikuja kuyaweka wazi.

Agosti 1990 ANC ikasimamisha vita ili mazungumzo yaendelee, na baada ya uchaguzi wa 1994 wapiganaji wakaingizwa kwenye jeshi jipya la taifa pamoja na askari waliokuwa wanawawinda. Hani hakuyaona hayo, aliuawa nje ya nyumba yake Aprili 1993. Na chama cha MK cha Jacob Zuma, rais wa zamani wa Afrika Kusini, kilichopata zaidi ya asilimia 14 ya kura 2024, ni kitu kingine kabisa, kilizinduliwa Desemba 2023, ANC ikaenda mahakamani kupinga jina na nembo, ikashindwa.