Je, wajua kwa nini chura hufugwa ndani ya kitalu nyumba cha matango?

Chura mwenyewe ni yule mkubwa wa Amerika Kaskazini. Wachina humwita niuwa, yaani chura-ng'ombe, kwa kuwa dume lake hunguruma kama fahali. Aliingizwa China kutoka Kuba mwaka 1959, na leo ni kitoweo kinachopendwa sana kwenye mikahawa ya pilipili kali. (Si yule chura mkubwa wa huku Afrika anayejifukia ardhini kiangazi, huyo ni wa jamii nyingine.)

Sababu kubwa ya kumwingiza kitaluni ni joto. Chura huyu hukua vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Zikishuka chini ya 15 hamu ya kula humwisha, na zikikaribia 10 hutulia topeni hadi baridi ipite. Miezi yote hiyo haongezi hata gramu. Viluwiluwi ndio huchelewa zaidi: penye baridi huweza kumaliza hata miaka 2 kabla ya kuwa vyura, penye joto huchukua miezi michache. Chini ya plastiki, maji ya bwawa hunyonya jua la mchana na kulirudisha taratibu usiku, matango nayo yakanufaika. Kiangazi mambo hugeuka: joto likipita nyuzi 35 vyura huanza kufa, hivyo plastiki ya pembeni hukunjwa na wavu wa kivuli hutandazwa juu.

Mabwawa huchimbwa kati ya matuta, kina cha sentimita 20 hadi 30, na kingo zilale mteremko ili chura apande kupumzika. Wavu wa kuzungushia usipungue mita 1 na nusu kwenda juu, na ufukiwe sentimita 30 ardhini. Anaruka mbali, na akikuta pembe iliyolegea atapenya. Maji ya bomba yakae wazi siku moja au mbili klorini itoke. Wanaoanza ndipo wanapoua viluwiluwi wengi.

Zao lifaalo ni lile linalopandishwa kwa kamba: matango, nyanya, maharage ya kutambaa. Majani huleta kivuli na unyevu, na matunda huning'inia mbali na ardhi. Mboga za majani ya chini kama saladi ziache, kwa kuwa chura huzilalia, na kinyesi chake huweza kubeba Salmonella, bakteria wa kuharisha.

Watu wengi hudhani wadudu wa shamba watatosha kumlisha. Hawatoshi. Atakula nondo, panzi na konokono, lakini vidukari na nzi weupe ni wadogo mno kwake. Lazima ale chakula cha pelleti (punje kavu zilizoshindiliwa) chenye protini karibu asilimia 40, na hapo kuna kikwazo: chura hushambulia kinachosogea, chakula kilichotulia hakioni kama chakula. Vyura wachanga hufundishwa kwa kuchanganya pelleti na funza hai kwenye sinia. Funza wakijinyonganyonga, pelleti nazo hutikisika. Funza hupunguzwa kila siku hadi chura azoee pelleti zinazoelea na kuyumbishwa na maji. Asiyejifunza hudumaa, kisha huliwa na mwenzake, maana chura huyu humeza chochote kinachoenea kinywani. Kwa hiyo wachambue kwa ukubwa kila baada ya wiki mbili.

Ngozi yake hupitisha maji na sumu vilevile. Ukinyunyiza dawa ya wadudu kwenye nyanya umewanyunyizia na vyura, kwa hiyo mitego ya gundi ya njano na kung'oa miche iliyougua ndiyo njia iliyobaki. Mtu asiyeweza kuacha dawa asifuge.

Mapaja na tumbo vikianza kuwa vyekundu, shuku bakteria wa Aeromonas, ambao hushika kasi penye msongamano na maji machafu. Watenge wagonjwa, punguza idadi, badilisha maji. Yale machafu yana naitrojeni nyingi, kwa hiyo humwagiwa kwenye mashina ya matango na huokoa sehemu ya mbolea.

Yasielekezwe mtoni. Jike moja hutaga hadi mayai 20,000, na chura huyu hubeba kuvu anayeua vyura wa aina nyingine ilhali yeye mwenyewe mara nyingi haugui. Katika nchi nyingi alikotoroka amewapunguza vyura wa asili, na ndiyo maana hakuna mfereji wa kitalu unaoachwa bila chujio la matundu madogo kuliko kiluwiluwi.