Maziwa Hayasafishi Mapafu: Maswali na Majibu Kuhusu Kikohozi cha Kazi za Vumbi

Maswali haya huulizwa mara kwa mara na wachimbaji madini, waponda kokoto, wachonga mawe, wakata vigae na mafundi ujenzi wanaofika kliniki wakikohoa. Kwa bahati mbaya, wengi huyauliza wakiwa wamekohoa kwa miezi mingi.

Magonjwa yatokanayo na kazi ni yapi?

Ni magonjwa ambayo mtu huyapata, au humzidia, kwa sababu ya kazi anayoifanya au mazingira anamoifanyia. Mengine huletwa na vimelea, mengine na kemikali, kelele, joto au vumbi. Hapa tutazungumzia mawili yanayofuatana kama pacha: silikosisi, yaani makovu ya mapafu yatokanayo na vumbi la mawe, na kifua kikuu, ambacho wengi hukiita TB.

Vumbi la mawe hudhuru vipi mapafu?

Mawe mengi, mchanga, zege na baadhi ya vigae vina madini ya silika. Vinapokatwa, kutobolewa au kupondwa, silika hupeperuka hewani. Chembe kubwa hunaswa puani na kwenye njia za hewa, kisha hutoka na kamasi au makohozi. Zile ndogo mno, ambazo jicho halizioni, hupita hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu. Seli za kinga za mwili huzimeza ili kuziondoa, lakini nazo hufa na kuacha uvimbe ambao hugeuka kovu, na kovu hilo halifutiki. Kwa kawaida ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kazi, ingawa anayevuta vumbi jingi sana huweza kuugua mapema zaidi. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Je, si kweli kwamba maziwa huondoa vumbi kifuani?

Si kweli. Maziwa hupita kwenye umio na kuingia tumboni, ilhali vumbi limepita kwenye koromeo la hewa na kuingia mapafuni. Ni njia mbili tofauti, na mwili hujitahidi sana kuzitenganisha: maziwa yakikosea njia, mtu hupaliwa, na yakifika mapafuni huweza kumletea nimonia. Hakuna tone la maziwa linalofika mahali palipo na vumbi hilo.

Lakini nikinywa maziwa kikohozi hupungua. Hilo nalo si uthibitisho?

Si uthibitisho. Kinywaji chochote hulainisha koo lililokauka, na maji yangefanya kazi hiyo hiyo. Kilichotulia ni koo. Mapafu yako vile vile yalivyokuwa.

Mwajiri wetu hutugawia maziwa kila siku. Tuyakatae?

Kunyweni, ni chakula kizuri. Tatizo ni mwajiri anayedhani kwamba akishagawa maziwa amemaliza wajibu wake wa kuwakinga wafanyakazi. Fedha hizo zingenunua mpira wa maji wa kulowanisha jiwe linapokatwa na barakoa za kuchuja vumbi laini. Nasema tena, kwa kuwa swali hili hurudi kila wiki: maziwa si kinga ya vumbi, wala si tiba yake, na anayesubiri yamponye anaupa ugonjwa muda wa kuendelea.

Nitajuaje kama kikohozi changu ni cha vumbi au ni TB?

Kwa kujisikiliza tu huwezi kujua, hata uwe na uzoefu wa miaka mingi kazini. Mhudumu wa afya naye hawezi kujua kwa kukutazama, ndiyo maana huagiza kipimo cha makohozi na picha ya eksirei ya kifua. Kikohozi kikifikisha wiki 2, nenda kapime. Kikiambatana na homa za jioni, jasho jingi usiku, kupungua uzito au makohozi yenye damu, usisubiri hata hizo wiki 2.

Sentensi inayotuchelewesha kuliko zote ni hii: «Ni vumbi tu la kazi.» Ukweli ni kwamba vumbi hilo ndilo sababu ya kuharakisha. Mapafu yaliyojaa silika hushindwa kupambana na vimelea vya TB, na mwenye silikosisi huwa katika hatari ya TB mara kadhaa zaidi ya mtu mwingine. Akiwa pia anaishi na virusi vya UKIMWI, hatari hiyo huongezeka maradufu na zaidi.

Nimekwisha kunywa dawa za kikohozi. Nimalizie kwanza?

Usimalizie kwanza. Mgonjwa huingia na mfuko wa plastiki, ndani yake chupa za dawa ya maji zilizobaki nusu na vidonge vya antibayotiki vilivyokatwa kutoka pakiti tofauti, na bado hajawahi kutoa makohozi yapimwe. Baadhi ya antibayotiki hutuliza dalili za TB kwa muda mfupi, mtu akajiona amepona, huku akiendelea kuwaambukiza wenzake wanaolala naye chumba kimoja kambini na watoto wake nyumbani.

Kitambaa nilichojifunga usoni hakitoshi?

Hakitoshi. Fulana iliyofungwa puani huzuia vumbi linaloonekana, na lile hatari ndilo lisiloonekana. Kinga ya kwanza ni maji: lowanisha jiwe kabla na wakati wa kulikata, na lowanisha sakafu kabla ya kufagia. Kujipuliza nguo kwa hewa ya kompresa, jambo ambalo mafundi hulifanya jioni wakicheka, ni kuurudisha puani mzigo wote wa mchana. Barakoa ya kuchuja chembe laini, ya kiwango cha N95 au FFP2, husaidia iwapo imebana uso vizuri, na ndevu huiachia mianya.

Nikikutwa na TB, nitaacha kazi?

TB ya kawaida hutibika kwa dawa za miezi 6. Wengi wanaotumia dawa zinazoviua vimelea vyao hupunguza sana uwezo wa kuambukiza katika wiki za mwanzo, na mhudumu wako ndiye atakayekuambia lini urudi kazini. Usiache dawa unapopata nafuu, kwani huo ndio mwanzo wa TB sugu, yaani isiyosikia dawa za kawaida. Waambie pia wenzako wa karibu na watu wa nyumbani wakapimwe. Kurudi kwenye vumbi lile lile bila kinga, hata hivyo, sitakuruhusu.

Niliacha kazi ya mawe miaka mingi iliyopita. Yananihusu?

Yanakuhusu. Silika haiondoki mapafuni mtu anapostaafu, makovu huweza kuendelea kukua, na hatari ya TB hubaki. Kila uendapo kutibiwa kifua, mweleze mhudumu kazi zote ulizowahi kufanya na kwa muda gani, hata asipokuuliza.