Orijinere ni nani? Neno ambalo Lubumbashi unaulizwa kila ukigusa karatasi

Mwezi uliopita nilienda kwenye biro moja hapa Lushi (ndivyo tunavyoiita Lubumbashi, huku Kongo) kutafuta karatasi ya kuzaliwa ya mtoto wetu wa pili. Mama wa gishe, lile dirisha la karatasi, alikuwa mpole kusema kweli, anaandika taratibu na biki, jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, kisha akafika kwenye ule mstari.

— Papa, provense ya orijini?

— Ni hapa, mama. Nilizalikiwa hapa hapa, mu Kenya. (Kwa wasio wa huku: Kenya ni komini ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi.)

— Sikuulizi kwenye ulizalikiwa. Kwenu. Kwenu ni wapi?

— Kwetu ni hapa.

— Papa, bantu beko bengi ku mulongo (foleni). Baba ya baba yako alitokeya wapi?

Nikamwambia Kabinda. Akaandika Lomami, akaandika teritware (wilaya), mambo yakaisha. Mimi huko Kabinda sijafika hata siku moja, lugha yao nasikia salamu tu na matusi mawili, na mtoto mwenyewe ana miezi mitano. Sasa watu wengi wa nje wakitusikia huku tunabishana politiki, hasa wakati wa uchaguzi, wanasikia "orijinere", "si orijinere", "kongolite", "mwenye inchi", wanafikiri ni maneno ya hasira tu, kumbe kila moja lina maana yake na yanatembea na sheria nyuma yake, basi nijaribu kueleza vile mimi ninavyoyaelewa.

Orijinere ni neno la Kifaransa lililovaa kitenge chetu. Kwa maana ya kamusi ni mtu aliyetokea mahali fulani. Lakini huku halimaanishi ulipozaliwa, wala unapoishi, wala unapolipa kodi, wala ulipozika wazazi. Linamaanisha kijiji cha babu wa babu yako, upande wa baba, pale ambapo kabila lenu lina chifu na udongo. Ukiwa na hicho kijiji ndani ya jimbo wewe ni orijinere wa hilo jimbo, usipokuwa nacho basi uko "non-orijinere" hata kama umezaliwa hospitali ya Sendwe na utazikwa makaburi ya Sapin, hapa hapa mjini.

Halafu lipo duara kubwa zaidi, la nchi nzima. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 10, inasema Mkongomani wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yake ndivyo vilivyokuwa Kongo siku ya uhuru, yaani 1960. Uraia huo ni mmoja tu, haukubali kushikana na mwingine, ingawa kila mtu anajua kuna wakubwa wenye pasipoti mbili mfukoni. Na ukitaka kuwa rais lazima uwe huyo wa asili, uraia wa kuomba hautoshi. Kwa hiyo unaona, duara la nchi na duara la jimbo yanatumia hesabu moja, kabila kwanza, kisha mtu. Tofauti ni kwamba la nchi liko kwenye sheria wazi, la jimbo liko kwenye mazoea, kwenye ule mstari wa karatasi, na kwenye mdomo wa watu wanapogawana vyeo. Katiba yenyewe, kifungu cha 30, inasema kila mtu anaishi anapotaka. Kuishi, sawa. Kuwa gavana njo kelele zinaanza.

Sasa hapa njo pananichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Tarehe.

Kila hesabu ya orijini inahitaji tarehe, maana watu wote walitokea mahali, hakuna kabila lililoota kama uyoga, basi lazima mtu apige mstari aseme waliokuwepo kabla ya siku hii ni wa hapa, waliokuja nyuma ni wageni. Angalia Msiri. Msiri alitokea upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, akaja kufanya biashara ya shaba na pembe, akaweka ufalme wake Bunkeya katikati ya karne ya 19, wazungu wa msafara wa Stairs wakamuua Desemba 1891. Wayeke, watu wake, leo ni Wakatanga kamili (Katanga ni jimbo letu la zamani), hakuna anayewauliza kitu, na mimi sina neno na hilo, ni haki yao. Godefroid Munongo, mmoja wa walioanzisha chama cha Conakat mwaka 1958 kutetea wale waliojiita Wakatanga halisi, alikuwa wa uzao wa Msiri huyo huyo. Yaani familia iliyotoka nje ya Kongo kabla Kongo haijapewa jina ni ya asili, na babu yangu aliyetoka ndani ya Kongo hiyo hiyo kwa treni ni mgeni. Wa kwanza alikuja kabla ya kalamu, wa pili nyuma ya kalamu.

Na lile treni halikuja lenyewe. Reli ya BCK kutoka Bukama mpaka Ilebo, wakati ule Port-Francqui, ilimalizika 1928, ikapita Kasai, na kampuni ya madini ilikuwa na njaa ya mikono. Kampuni hiyo, Union Minière, ilichukua watu Kasai, Lomami, Rhodesia Kaskazini, hata Rwanda na Burundi, kisha ikaona kubadilisha wafanyakazi kila mara ni hasara, ikaanza kuwaleta na wake zao ili wakae. Wakakaa. Elisabethville yenyewe, jina la zamani la Lubumbashi, ilianzishwa 1910 tu, kwenye udongo wa Walamba, kwa hiyo ukitaka kuwa mkali sana na neno orijinere hapa mjini, wengi wetu tungefunga mizigo na kuwaachia Walamba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Babu alipewa jembe siku ile ile ya kwanza, tena la chuma, pamoja na kofia ya kazi.

Ugomvi ulianza kuonekana kwenye kura. Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi wa komini hapa mjini, na wengi wa walioshinda hawakuwa watu wa Katanga. Wenyeji wakashtuka, wakasema tumekuwa wageni nyumbani kwetu, mwaka uliofuata ikazaliwa Conakat, Julai 1960 Moïse Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Hofu ile mimi siitukani, mtu kuona madini yanatoka chini ya shamba la babu yake na viti vya biro vinakaliwa na wengine inauma, hiyo ni kweli kabisa. Shida ni pale hofu inapopewa jina la mdudu. Maana 1992, baada ya Konferansi Nasional, mkutano mkuu wa taifa, kumchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond, mtu wa hapa, gavana akiwa Kyungu wa Kumwanza, Wakasai wa Likasi na baadaye Kolwezi walifukuzwa majumbani kwa mamia ya maelfu, wakiitwa bilulu. Bilulu ni wadudu. Walilala kwenye stesheni wiki na wiki wakingoja treni, ile reli ile ile, safari hii kwenda upande wa pili, na wengi, watoto hasa, hawakufika. Mama yangu hasemi mengi juu ya mwaka ule, anasema tu jirani mmoja wa Mluba wa Katanga aliwaficha mabegi yao ya vyombo na akayarudisha yote, hata kijiko hakikupotea.

Ukidhani hesabu ilisimama hapo, hapana. 2015 serikali ilifanya dekupaji, Katanga ikakatwa vipande vinne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Siku moja tu. Watu walilala orijinere wakaamka si orijinere! Mluba wa Kamina au Malemba Nkulu ambaye jana alikuwa anatuambia sisi "mutarudia kwenu" leo naye akiwa hapa Lushi anaambiwa kwao ni Haut-Lomami. Nakumbuka rafiki yangu mmoja wa Bukama, tunabebana sana kwa utani, siku ile nilimpigia simu nikamwambia karibu kwenye klabu papa, kiti kiko. Alikata simu. Baadaye tulicheka lakini siku ile hakucheka.

Na hata hilo la "upande wa baba" si la wote. Kwa Wababemba, Walamba, Walala na Waushi wa huku kusini mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa Waluba mtoto ni wa baba. Sasa fikiria baba Mubemba ameoa mama Muluba, mtoto wao kwa mila ya baba ni wa kina mama, kwa mila ya mama ni wa kina baba, yaani kila ukoo unamsukuma kwa mwenzake. Geuza, baba Muluba na mama Mubemba, mtoto anadaiwa na pande zote mbili, kila sikukuu anakula mara mbili. Karatasi ya biro haijui hayo, ina mstari mmoja tu.

Hapo njo unaweza kuelewa ile kelele ya "loa Tshiani", sheria ya Tshiani. Mwanasiasa Noël Tshiani alileta wazo, na Julai 2021 mbunge Nsingi Pululu akalifanya pendekezo la sheria, kwamba rais lazima awe na baba na mama wote wawili Wakongomani. Sheria ya uraia ya Novemba 2004 inasema mzazi mmoja anatosha, baba au mama. Watu wote waliangalia upande mmoja, kwa Moïse Katumbi, mwanasiasa wa hapa na mwenye timu ya mpira ya Mazembe, aliyezaliwa Kashobwe, mama Mkongomani, baba Myahudi wa kisiwa cha Rhodes, Ugiriki. Waliounga mkono walisema ni kulinda nchi, mtu mwenye nyumba mbili atakimbilia ya pili moto ukiwaka. Waliopinga walisema sheria imeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja kama suti. Mimi niko na hao wa pili, sifichi, na si kwa sababu ya Mazembe. Kwa Wababemba wa Luapula mtoto wa mama yao ni wao, nukta, sasa unamwambiaje bibi wa Kashobwe kwamba tumbo lake halitoshi? Pendekezo halikupita, Korti ya Katiba Oktoba 2023 ikakubali Katumbi asimame, Desemba akapata kama asilimia 18, wa pili.

Hiyo tamaa ya kupima nani Mkongomani zaidi ya mwenzake njo inaitwa kongolite. Neno limefinyangwa kwa kalibu ile ile ya "ivoirité" ya Kodivaa (Côte d'Ivoire), ambayo Henri Konan Bédié aliitumia miaka ya 1990, na kule mwisho wake tuliuona, vita. Hapa jirani tu, Zambia, ukivuka Kasumbalesa, mwaka 1996 walibadilisha katiba wakataka wazazi wote wawili wa mgombea wawe Wazambia, na aliyebaki nje ni Kenneth Kaunda, aliyewaongoza miaka 27 tangu uhuru, kwa sababu wazazi wake walitoka Malawi. Kaunda! Na Kivu ni mbaya zaidi maana huko tarehe ilihamishwa juu ya vichwa vya watu wakiwa hai: sheria ya 1972 iliwapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950, ya 1981 ikawanyang'anya, ikataka uonyeshe kabila lililokuwepo tarehe 1 Agosti 1885, ndani yao wakiwemo waliopelekwa Masisi na Wabelgiji wenyewe kuanzia 1937 kulima mashamba. Kila mstari ulipohama kuna watu walijiona wameporwa, wa pande zote, na vita vya huko haviwezi kuelezwa bila hilo, ingawa haviishii hapo, kuna madini, kuna majirani.

Watu wanachanganya hayo yote na uzalendo. Mzalendo ni kitu kingine. Ukilisikiliza neno, lina "zaa" tumboni, mtu aliyezaliwa hapa na yuko tayari kuumia kwa ajili ya hapa, halimuulizi mtu babu. Kwa maana hiyo mimi ni mzalendo wa Lushi bila kuwa orijinere wake, na kuna maorijinere wenye vijiji na machifu wanaouza karière (machimbo) za kijiji chao kwa bahasha. Lakini hata hilo neno halijabaki salama, shemeji yangu wa Goma anasema huko tangu 2022 Wazalendo ni vikundi vya silaha vilivyopigana na waasi wa M23 upande wa serikali, ukisema mtaani "mimi ni mzalendo" watu wanaangalia mikono yako kwanza.

Karatasi ya mtoto nilirudi kuichukua juzi. Mke wangu njo aliona, mimi nilikuwa tayari nimekunja naweka kwenye bahasha. Kabinda imeandikwa na C. Cabinda. Hiyo ni ya Angola. Nimeambiwa kurekebisha ni mulongo mpya, timbre (stempu) mpya, na nije na mtu wa kushuhudia, awe mzee, anayejua kwetu.