Doom: historia ya gemu iliyoachiwa mlango wazi

Kila nikitaka kumweleza mtu kwa nini naipenda Doom, gemu ya kompyuta ya mwaka 1993 ya kupambana na mapepo, huwa simwonyeshi mapepo wala bunduki. Namfungulia faili moja ya msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha gemu, iitwayo m_random.c. Ndani yake kuna orodha ya namba 256: 0, 8, 109, 220, 222, 241, na kuendelea. Bahati yote ya Doom imo humo. Pepo aitwaye Imp akikurushia moto, gemu inachota namba inayofuata kwenye orodha, inaigawanya kwa 8, baki yake inaongezwa 1, kisha jibu linazidishwa mara 3. Ndiyo maana moto wa Imp ukikupata hukupunguzia afya kati ya 3 na 24. Orodha ikiisha, inaanza upya.

Wanafunzi wangu wa programu huniuliza: sasa gemu itasisimua vipi kama bahati yake imeshaandikwa? Nawaambia ndipo ufundi ulipo. Kwa kuwa bahati ni ileile kila mara, ukitaka kurekodi mchezo huna haja ya kuhifadhi picha. Unahifadhi alichobonyeza mchezaji tu: kwenda mbele au nyuma, kwenda kando, kugeuka, kufyatua au kufungua mlango. Ni baiti 4, mara 35 kwa sekunde. Mchezo wa dakika 5 unaingia kwenye baiti 42,000 hivi. Mtumie mwenzako faili hiyo, na kwenye kompyuta yake kila risasi itapiga palepale ilipopiga kwako. Hata watu wanne wakicheza pamoja kwenye mtandao, kompyuta zao hutumiana vitufe tu, kila moja ikijifanyia hesabu zake na kufikia jibu lilelile. Mimi nimeandika programu miaka mingi, na bado nikiusoma msimbo huu moyo unanienda mbio.

Walioutengeneza walikuwa vijana. John Carmack, John Romero, Tom Hall na Adrian Carmack (hana undugu na John) walikutana kwenye kampuni ya Softdisk, mjini Shreveport, Louisiana. Mwaka 1990 John Carmack aligundua namna ya kuifanya picha kwenye skrini ya PC isogee kwa ulaini, jambo lililokuwa rahisi kwa mashine za michezo za Nintendo lakini gumu kwa kompyuta za ofisini za wakati huo. Kutokana na hilo wakatoa gemu ya Commander Keen, na Februari 1991 wakaanzisha id Software. Zikafuata Hovertank 3D na Catacomb 3-D, ambazo leo wachache wanazikumbuka, halafu Mei 1992 ikaja Wolfenstein 3D. Hapo dunia ikageuka kuwaangalia.

Lakini Wolfenstein ilikuwa na mipaka. Kuta zote zilikutana kwa pembe mraba, zote kimo kimoja, na sakafu haikupanda wala kushuka. Walipohamia Mesquite, Texas, Carmack alitaka ngazi, madirisha, kuta za mshazari na giza linalozidi kadiri unavyotazama mbali, na yote hayo yaende kwenye kompyuta ya kawaida ya siku zile, ya 386, yenye megabaiti 4 za kumbukumbu. Mashine ile isingeweza kuchora kila ukuta kisha kufuta usioonekana.

Njia aliyoitumia naieleza hivi. Chukua ramani ya nyumba iliyochorwa kwenye karatasi. Chagua ukuta mmoja, urefushe mstari wake mpaka ukingoni. Sasa karatasi ina sehemu mbili, mbele ya ukuta na nyuma yake. Kila sehemu igawe tena vivyo hivyo, mpaka vipande viwe vidogo visivyohitaji kugawanywa zaidi. Kazi hii nzito inafanywa mara moja, siku ramani inapotengenezwa. Wakati wa kucheza, kompyuta inajiuliza swali moja jepesi kwenye kila mstari: mchezaji yuko upande gani? Inaanza na vilivyo upande wake, kisha vya ng'ambo. Kwa hiyo kuta zinachorwa kuanzia ya karibu kwenda ya mbali, na sehemu ya skrini ikishajaa ukuta haiguswi tena. Hakuna jasho linalopotea kuchora kisichoonekana.

Wazo hilo halikuwa la Carmack. Henry Fuchs, Zvi Kedem na Bruce Naylor walilichapisha mwaka 1980, na Carmack alilitumia kwanza alipokuwa akiihamishia Wolfenstein kwenye Super Nintendo. Kwangu hilo linampandisha hadhi: alisoma makala ya watafiti akaona ndani yake kitu ambacho watengenezaji gemu wenzake walikuwa wanakipita. Gharama yake ni kwamba ramani ya Doom ni karatasi inayotazamwa kutoka juu, hivyo huwezi kuweka chumba juu ya chumba kingine. Wachora ramani walilificha hilo vizuri kiasi kwamba wengi hucheza miaka bila kulishtukia.

Ichukue ramani ya kwanza, Hangar, kazi ya Romero. Pale unapoanzia kuna madirisha upande wa kulia. Ukichungulia unaona uwanja wa nje, na katikati yake deraya ya buluu iking'aa, lakini mlango wa kuufikia huuoni. Njia ipo, imefichwa mbele kabisa. Kabla hujakutana na pepo yeyote, gemu imeshakuambia kwamba humu ndani kuna zaidi ya unachoonyeshwa.

Mapepo yenyewe baadhi yalifinyangwa. Adrian Carmack alitengeneza sanamu za udongo, na mengine yaliundwa na msanii Gregor Punchatz, kisha yakapigwa picha kila upande na kuingizwa kwenye kompyuta. Bunduki zilikuwa za kuchezea watoto. Tom Hall aliondoka Agosti 1993 kwa sababu hawakuelewana juu ya hadithi ndefu aliyoitaka, na Sandy Petersen, aliyeingia zikiwa zimebaki wiki chache gemu itoke, akatengeneza ramani nyingi za sehemu mbili za mwisho kati ya tatu. Muziki ni wa Bobby Prince.

Tarehe 10 Desemba 1993 Doom ilipakiwa kwenye seva ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Waliokuwa wakiisubiri walikuwa wengi mno hata seva ikazidiwa. Sehemu ya kwanza, yenye ramani 9, ilikuwa bure, na ruhusa ya kumgawia mwenzako ilikuwemo. Aliyetaka sehemu mbili zilizobaki aliagiza kwa posta. Toleo lile la kwanza lilitangaza ujumbe wake kwa kila kompyuta iliyo kwenye mtandao, hata zisizocheza, na mitandao ya ofisi na vyuo ikawa inakwama mpaka tatizo liliporekebishwa.

Uamuzi ninaouthamini kuliko yote ulikuwa wa faili za WAD. Watu walikuwa wameichokonoa Wolfenstein wakibadilisha picha zake kwa kufuta za asili. Carmack akaona awarahisishie: injini, yaani programu inayoendesha gemu, ikae peke yake, na ramani, picha na sauti zikae kwenye faili ya pembeni ambayo yeyote anaweza kuweka ya kwake juu yake. Mwaka 1994 mashabiki wenyewe wakatoa DEU, programu ya kuchorea ramani. Kundi moja la mashabiki, TeamTNT, lilitengeneza seti nzima ya ramani, id ikainunua, na mwaka 1996 ikauzwa madukani ndani ya Final Doom. Jana yake walikuwa wachezaji tu.

Doom II ilitoka 1994, ikiwa na bunduki ya mitutu miwili ambayo sijaona ya kuipita. Doom 64 ya 1997, iliyotengenezwa na Midway, ina kiza na upweke wa aina yake na haikupewa heshima iliyostahili. Doom 3, Agosti 2004, iligawa mashabiki. Vivuli vyake vilihesabiwa papo hapo kutokana na kila taa, jambo kubwa kwa wakati ule, lakini ulilazimika kuchagua: ushike tochi au bunduki. Naielewa hofu waliyotaka kuijenga. Hata hivyo Doom ni mwendo, na pale mwendo ulikufa. Toleo lake jipya la 2012 liliifunga tochi kwenye deraya.

Wakati huo id ilikuwa tayari mali ya kampuni ya ZeniMax, tangu 2009, na jaribio la kwanza la Doom 4 lilitupwa lote. Doom iliyotoka Mei 2016 ilirudisha mwendo: unapokuwa hoi, afya unaipata kwa kumsogelea adui, si kwa kujificha. Doom Eternal ya 2020 na The Dark Ages ya 2025 zimeendelea na njia hiyo, sasa chini ya Microsoft.

Ila ninayorudi kwayo mimi ni ya 1993, kwa sababu tarehe 23 Desemba 1997 id iliutoa msimbo wake wote hadharani. Ulikuwa wa mfumo wa Linux, kwani msimbo wa sauti wa toleo la asili, la mfumo wa DOS, ulikuwa mali ya mtu mwingine. Carmack aliambatanisha maelezo mafupi akipendekeza kazi za kufanya: ihamishieni kwenye mifumo mingine, ongezeni uwezo wa kutazama juu na chini, tengenezeni ya kuchezwa kwenye intaneti. Mwaka 1999 leseni ikawa GPL, inayomruhusu yeyote kuubadilisha msimbo na kuugawa. Watu wakafanya yote hayo, na zaidi.

Kati ya matoleo yaliyozaliwa, ninalotumia darasani ni Chocolate Doom. Watengenezaji wake wamehifadhi hata makosa ya toleo la asili, kwa makusudi. Ukiipa mchezo uliorekodiwa kwa toleo la 1.9 mwaka 1995, inasoma zile baiti 4, inachota namba kutoka orodha ileile ya 256, na mchezaji yule anaingia tena Hangar, anapita kwenye yale madirisha, na kila risasi yake inatua palepale ilipotua siku ile.