Kabla Hujatoa Kodi ya Miezi Sita, Kagua Mita

Tangu serikali ihamie Dodoma, na zaidi baada ya mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, nyumba za kupanga zinagombewa. Mtumishi anapata barua ya uhamisho, dalali anamzungusha Kisasa, Ilazo na Nkuhungu, na kufikia jioni ameshatoa kodi ya miezi sita, juu yake na ya dalali. Sisi tunaotoa msaada wa kisheria tunampokea baadaye, wakati fedha imeshatoka mkononi na hana tena cha kumbana nacho mwenye nyumba.

Anza na LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba ikikaa miezi mitano bila mtu, deni linalimbikizwa. Mpangaji mpya ananunua umeme wa 10,000, na 7,500 zinaishia kwenye deni la nyumba isiyo yake. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Basi wewe na mwenye nyumba nunueni umeme kidogo mkiwa wote wawili, msome ujumbe unaorudi, kisha mwandike kwenye mkataba kuwa makato hayo yatapunguzwa kwenye kodi ya pango. Ujumbe wa kila ununuzi utunze. Wengi huona haya kudai 1,500, lakini kwa mwaka ni 18,000, na ni haki yako.

Maji nayo Dodoma si ya kuchukulia kirahisi. Ukame ni wa miaka yote na mgao upo. Fungua bomba mwenyewe. Waulize majirani siku za mgao ni zipi, maana dalali atakwambia maji yapo muda wote. Piga picha ya dira, yaani mita ya maji, uone bili ya mwisho ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na kama dira ni moja kwa wapangaji wanne, mkubaliane mapema: mnagawana kwa chumba au kwa idadi ya watu?

Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo kinachokulinda zaidi ni maandishi: kiasi, muda, notisi, na kodi itapandaje. Hakikisha pia anayesaini ana mamlaka. Nyumba ya marehemu isiyo na msimamizi wa mirathi inaweza kukutoa nje katikati ya mkataba, ndugu wakianza kuvutana. Mwenyekiti wa mtaa kwa kawaida anajua nyumba ni ya nani. Mwone kabla ya kulipa.

Mkishindwana, Baraza la Kata husuluhisha tu. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na mkataba, risiti na zile jumbe za LUKU.