Marehemu Amehesabiwa Wapi? Kusoma Takwimu za Vifo Wakati wa Mlipuko

Kila tunapozunguka wilayani kuhimiza usajili wa vifo, haikosi mtu wa kusimama na kutuuliza kwa kejeli: "Nyinyi watu wa takwimu, korona mlisema imeua watu 3,600 na kitu Uganda nzima. Ulaya walikufa kwa malaki. Sisi tuna damu ya chuma, au mlificha?"

Muulizaji huwa amelinganisha namba mbili bila kuuliza kwanza marehemu gani wamo na gani hawamo. Tuanzie Uingereza, maana huko kuhesabu kulibadilika mbele ya macho ya watu.

Mwanzoni mwa mlipuko wa 2020, hesabu iliyotangazwa huko kila siku ilikuwa hasa ya waliofia hospitalini. Mzee aliyefia kwenye makao ya wazee hakuwemo. Tarehe 29 Aprili 2020 wakaanza kujumlisha kila aliyepimwa akakutwa na virusi, popote alipofia, na siku hiyo vikaongezwa vifo 3,811 vya wiki zilizopita. Aliyesoma kichwa cha habari peke yake alidhani usiku mmoja umemaliza mtaa mzima. Agosti 12 kanuni ikabadilika tena: anahesabiwa aliyefariki ndani ya siku 28 tangu akutwe na virusi. Jumla ikashuka kutoka 46,706 hadi 41,329. Hao 5,377 hawakufufuka.

Ubelgiji nao walihesabu hata wazee waliofia kwenye makao wakishukiwa tu, bila kipimo, ndiyo maana walionekana kuumia kuliko majirani zao. Huko New York, ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ya Januari 2021 ilionyesha kuwa mkazi wa makao akikimbizwa hospitali akafia huko, hakuonekana kwenye hesabu ya makao.

Sasa turudi nyumbani. Makao ya wazee hapa Uganda ni machache. Wengi wanayajua yale ya Bakateyamba pale Nalukolongo, ambayo Papa Francis aliyatembelea Novemba 2015. Mzee wetu hufia kwake, kijijini, mikononi mwa wajukuu. Tangazo linasomwa redioni, kaburi linachimbwa, watu wanakula, wanaondoka. Daftari la msajili halina habari. Kwa hiyo kile kilichofichika Uingereza ndani ya makao, hapa kimefichika ndani ya nyumba za kawaida, tena kwa wingi zaidi.

Hiyo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni umri. Katika kila Waganda 100, waliofikisha miaka 65 ni kama wawili tu. Uingereza ni takriban 18 katika kila 100. Ugonjwa unaoua wazee kuliko vijana hauwezi kutoa namba sawa katika nchi hizo mbili, hata kama zote zingehesabu kwa uaminifu uleule. Kwa hiyo hatuna damu ya chuma, na pia si kila kifo tulikiona. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwenye mikutano huwa halipendwi.

Wapo wanaodhani kanuni za kuhesabu ni hila za Wazungu. Angalia Ebola ya Mubende, iliyotangazwa Septemba 2022 na kumalizika Januari 2023. Waliothibitishwa na maabara walikuwa 142, wakafa 55. Wapo wengine 22 waliokufa na kuzikwa kabla ya kupimwa, ambao dalili zao na mawasiliano yao na wagonjwa vilionyesha ni Ebola. Ukiwaacha nje, walikufa 39 katika kila 100. Ukiwaingiza, 47. Ni mlipuko uleule.

Ndiyo maana wataalamu hupenda vifo vya ziada: idadi ya waliokufa kwa sababu yoyote, ukitoa idadi iliyotarajiwa kwa miaka ya kawaida. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 duniani kwa 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya korona vilikuwa milioni 5.4. Ila hesabu hiyo inahitaji kujua miaka ya kawaida ilikuwaje. Palipo na usajili hafifu, mtaalamu hukadiria, na kadirio hukasirisha watu walewale ambao hawakusajili.

Nije kwenye utaratibu. Kifo cha hospitali huandikiwa cheti cha kitabibu cha sababu ya kifo. Mstari wa juu ni kilichomuua mwishoni, mistari ya chini ni kilichoanzisha mfululizo huo, na takwimu huchukua chanzo, si mwisho. Wahudumu wenzangu, "moyo kusimama" si sababu. Moyo wa kila marehemu umesimama. Kifo cha nyumbani huanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha ofisi ya wilaya ya NIRA, mamlaka ya kitaifa ya vitambulisho na usajili. Njoo na barua ya mwenyekiti, kitambulisho cha taifa cha marehemu na chako. Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 inafanya usajili huu kuwa wajibu, na kutoa taarifa ya uongo ni kosa. Bila cheti cha kifo, Msimamizi Mkuu, ofisa wa serikali wa mambo ya mirathi, hatakupa hati ya kutokuwa na pingamizi, na bila hiyo kwa kawaida mahakama haitoi barua za usimamizi wa mirathi, zinazokuruhusu kushughulikia mali ya marehemu. Anayegawa mashamba ya marehemu bila barua hizo anaingilia mali ya marehemu: faini au kifungo, au vyote viwili.

Hakuna anayesajili kifo ili kunyang'anya ardhi yenu. Nimelisema hili mara nyingi kuliko jina langu.

Andikeni mahali alipofia na mahali alipokuwa akiishi, vyote viwili. Aliyeishi Wakiso, akafia hospitali ya Mulago, akazikwa Arua, hahesabiwi Arua. Na tarehe iwe ya kifo, si ya mazishi: aliyekaa mochwari siku tano akisubiri ndugu watoke Dubai, amekufa siku tano kabla.